Gari la Wazi la Kuendesha Kila Siku: Lipi la Kwanza, Lipi la Kuacha

Kama unataka gari la paa la kukunja la kutembelea wikendi tu, nunua lolote linalokuchekea. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulitumia kila siku. Aende nalo kazini asubuhi, akwame nalo kwenye foleni, apakie mizigo ya nyumbani, limnyeshee mvua, lilale nje usiku. Kwa mtu huyo orodha inapinduka. Gari lenye hospawa za kutisha linaweza kuangukia mkiani, na kigari cha silinda nne kikakaa juu.

Nimeyapanga kwa kuangalia paa kwanza, kisha buti, kisha namna gari linavyokubeba kwenye barabara mbovu, na mwisho ndiyo injini. Najua wengi huanza na injini. Lakini injini ya gari la wazi utaifaidi dakika chache kwa siku, na paa utaishi nalo saa zote, hata ukiwa umelala.

Kwa hiyo tuanze na paa: turubai au chuma?

Paa la chuma la kujikunja lilipata umaarufu baada ya Mercedes kutoa SLK mwaka 1996, na kwa miaka kama kumi na mitano hivi kila kampuni ilitaka lake. Mtu akisikia "kila siku" anakimbilia chuma, akidhani ndilo salama zaidi. Mimi naona kinyume chake. Chuma kikikunjwa kinaingia kwenye buti na kumeza sehemu kubwa ya nafasi. Kina mota, mabomba ya haidroliki na swichi ndogondogo nyingi, na swichi moja ikigoma unabaki na gari lililo nusu wazi, mbele ya watu, wingu likiwa juu yako. Turubai la kisasa lina tabaka kadhaa, linazuia kelele vizuri, ni jepesi, na linakunjika likawa kitu kidogo. BMW wenyewe wametembea safari hiyo kwenye Z4: kizazi cha kwanza cha 2002 kilikuwa na turubai, cha 2009 kikawa na chuma, na cha 2018 kikarudi kwenye turubai.

Chuma kinashinda mahali pawili. Kwanza, kisu hakikati. Ukilaza gari mtaani, mwizi anahitaji sekunde chache tu kulichana turubai, kwa hiyo usiache ndani hata koti. Pili, huna kazi ya kulitunza. Turubai halitaki mashine za kuoshea zenye brashi, halitaki kinyesi cha ndege kikae siku mbili, na halitaki kukunjwa likiwa limelowa, maana linashika ukungu.

Angalia pia dirisha la nyuma. Magari ya zamani, kama MX-5 ya kwanza na Boxster za mwanzo, yalikuja na dirisha la plastiki. Plastiki hiyo inageuka njano, inafifia, na ukiikunja kwenye baridi kali inapasuka. Kwa matumizi ya kila siku tafuta kioo halisi chenye nyaya za joto za kuondoa ukungu.

1. Mazda MX-5 (kizazi cha ND, kuanzia 2015), ya turubai

Najua, kila orodha inaiweka hapa. Nimejaribu kutafuta sababu ya kuishusha nimeshindwa.

Paa lake halina mota hata moja. Umesimama kwenye taa nyekundu, unafungua komeo moja katikati juu ya kioo cha mbele, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa, linabana mahali pake kwa mlio mfupi. Taa haijabadilika na umeshamaliza. Mvua ikianza, unanyoosha mkono nyuma na kulivuta. Hakuna cha kuharibika zaidi ya kitambaa chenyewe, raba za kuzibia na komeo. Gari la miaka kumi lenye paa la namna hii halikutii hofu.

Uzito wake ni karibu tani moja tu, na hiyo ndiyo siri ya mambo mengine yote: matairi hayaliki upesi, breki hazichoki, mafuta linanusa tu. Injini ni mbili, lita 1.5 yenye takribani hospawa 130, na lita 2.0 yenye 160, ambayo kwenye maboresho ya 2018 ilipandishwa hadi 184. Kwa mjini 1.5 inatosha kabisa, tena ina raha yake kwa kuwa unaweza kuizungusha hadi mwisho bila kuvunja sheria.

Sasa mabaya yake. Buti ni lita 130, yaani mabegi mawili laini ya mkononi. Sanduku gumu la kusafiria sahau. Hakuna boksi la dashibodi mbele ya abiria, vitu vidogo vinaingia kwenye kisanduku kilicho kati ya viti, nyuma ya viwiko vyenu. Halina tairi la akiba, limepewa dawa ya kuziba pancha na pampu. Na mtu mrefu akae ndani kabla hajatoa hela: ND za kabla ya maboresho hayo ya 2018 zina usukani unaopanda na kushuka tu, hauvutiki kuja kwako. Hilo peke yake linatosha kukufanya utafute ya baadaye. Gia za mkono za ND za miaka ya mwanzo nazo zina historia ya kuharibika, kwa hiyo sikiliza gia ya kwanza na ya pili unapojaribu.

Ipo pia RF, yenye paa gumu linalojikunja kwa umeme. Inapendeza macho, lakini ukifika mwendo wa barabara kuu ikiwa wazi, upepo unapiga makofi nyuma ya masikio. Kaa na turubai. Fiat 124 Spider ya 2016 ni ndugu yake wa tumbo moja, ilitengenezwa Hiroshima juu ya chasisi hiyohiyo ikawekewa injini ya turbo ya lita 1.4. Ukiipata nzuri usiidharau.

2. Porsche Boxster (kizazi cha 981, 2012 hadi 2016)

Watu hushangaa kuiona hapa kwenye mambo ya kila siku. Injini imekaa katikati, nyuma ya viti, kwa hiyo gari lina buti mbili: la mbele lita 150, lenye kina, na la nyuma lita 130. Jumla inaizidi MX-5 mara mbili, na paa likikunjwa halichukui hata lita moja ya nafasi hiyo. Mizigo mizito weka mbele, na kitu chochote kinachoyeyuka usikiweke nyuma, maana kiko karibu na injini. Paa linafunguka kwa sekunde 9 gari likiwa linatembea hadi kilomita 50 kwa saa. Kwenye foleni hiyo ni neema.

Injini ni silinda sita za kulala, lita 2.7, hospawa 265, bila turbo. Iliyofuata, 718, iliwekewa silinda nne zenye turbo. Ina nguvu zaidi ila sauti yake haina utamu ule. Kwa gari ambalo unaendesha masikio yakiwa nje, mimi ningelipia sauti.

Ugumu wake ni fundi na spea. Injini huioni hata ukifungua buti zote mbili, unaona vifuniko vya kujazia oili na maji tu, na kazi nyingi zinafanywa gari likiwa limeinuliwa. Kama huna fundi anayezijua gari hizi karibu na unapoishi, ruka nenda namba tatu. Ukivutwa na Boxster za bei ya chini za vizazi vilivyotangulia, 986 na 987 za mwanzo, jua kwamba hadi mwaka 2008 injini zake zilikuwa na beringi ya shafti ya kati ambayo ikifa inaweza kuua injini nzima. Omba karatasi zinazoonyesha imebadilishwa, au chukua 987 ya kuanzia 2009, ambayo haina beringi hiyo.

3. BMW Z4 (kizazi cha G29, kuanzia 2018)

Hili ndilo la mtu mwenye mwili, mwenye mizigo, au mwenye safari ndefu. Buti lita 281, paa likiwa juu au chini ni lilelile. Turubai linajikunja kwa sekunde 10 kwenye mwendo wa hadi kilomita 50 kwa saa. Ndani ni kimya. Yenye injini ndogo ya lita 2.0 inatosha. M40i ya silinda sita ni tamu sana lakini matairi yake yatakukumbusha kila yakiisha.

Ukiangukia Z4 za mtumba za zamani, kuna jambo moja la kuangalia kabla ya yote kwenye E85, ile ya 2002 hadi 2008. Mota ya paa imekaa ndani ya shimo upande wa nyuma, na tundu la kutolea maji liko hapohapo. Tundu likizibwa na majani, maji yanajaa, mota inazama na paa linakufa. Muuzaji akikwambia "paa ni la kurekebisha kidogo tu", ndiyo hilo.

4. Mercedes SLK na SLC

Kama lazima upate chuma, anzia hapa. SLK ya 2011, iliyobadilishwa jina kuwa SLC mwaka 2016, ina lita 335 paa likiwa juu na 225 likiwa limekunjwa, ambayo kwa gari la chuma ni nyingi. Ina mwendo wa kistaarabu, viti vipana, na nyingi zina matundu ya hewa ya moto shingoni yanayokuwezesha kwenda wazi hata kwenye ubaridi. Ile ya 2004 hadi 2011 nayo ni nzuri, ila zile za silinda sita za miaka ya mwanzo zina gia ya shafti ya mizani (shafti ya ndani ya injini inayopunguza mtetemo) inayolika, na kuibadilisha ni kushusha injini. Ukitafuta msisimko wa kona, hapa hupati.

5. Viti vinne: Mustang, BMW Series 4, Audi A5

Mwenye mtoto mdogo asome hapa. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiruhusiwi kuwekwa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na kwenye gari la viti viwili hakuna pengine pa kukiweka. Lazima mfuko wa abiria uwe unazimika, la sivyo hizi za viti vinne ndizo zako. Ni nzito, zinatetemeka kidogo kwenye mashimo kwa kuwa zimekatwa paa, na abiria wa nyuma anapigwa na upepo wote. Mustang ya kuanzia 2015 ndiyo ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, kwa nchi zinazoendesha kushoto.

Audi TT ya wazi ningeipa nafasi kati ya tatu na nne. Turubai zuri, ndani pamepangwa vizuri, haina kosa kubwa.

Za kuziacha

Honda S2000 (1999 hadi 2009) ni gari la ajabu: hospawa 240 kutoka lita 2.0 bila turbo, injini inayozunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika. Lakini nguvu yote iko juu ya mizunguko 6,000, na kwenye foleni hutafika huko. Zaidi ya hayo, zilizo nzima zinageuka kuwa za makusanyo. Kuipeleka sokoni kila siku ni kuichosha bure. Toyota MR-S inaendeka kwa raha sana na haina buti la kutaja. Daihatsu Copen ya kwanza, ya cc 659, inapendeza mjini mpaka ufungue paa, kwani buti linaisha lote.

Kulikagua

Nenda na ndoo ya maji. Mwombe mwenye gari afunge paa, kisha mimina maji polepole kwenye kona ambapo turubai linakutana na mwili wa gari nyuma ya mlango, pande zote mbili. Chuchumaa uangalie chini: maji yatoke mbele ya gurudumu la nyuma au karibu yake, kwa kasi ileile uliyomimina. Yakichelewa, tundu limeziba. Kisha ingiza vidole chini ya kapeti nyuma ya kiti na ubonyeze sponji. Kapeti juu inaweza kuwa kavu huku chini kumelowa miezi. Harufu ya uvundo usikubali kuambiwa ni ya viatu. Kwenye MX-5 za zamani, gonga ubavu wa chini mbele ya gurudumu la nyuma, ndipo kutu inapoanzia kwa sababu ya matundu hayohayo.

Fungua na funga paa la umeme mara tatu mfululizo, injini ikiwa inaunguruma. Mara ya kwanza betri inaweza kuficha ugonjwa, mara ya tatu haidroliki dhaifu inajionyesha kwa kusuasua. Kisha liendeshe paa likiwa juu, barabara kuu, redio imezimwa. Halafu wazi, vioo vya pembeni vikiwa juu, usikie upepo unakupigia wapi. Uliza kama kizuizi cha upepo cha nyuma ya viti kipo, na kifunguo cha kufungia paa kwa mkono umeme ukikata. Vitu hivi viwili hupotea sana kwenye magari ya mtumba, na kuvitafuta baadaye ni kazi kuliko kumdai muuzaji avilete kabla hujasaini.