Nakuru hadi Kisumu: matatu au basi kwa mpenda gumzo?

Kwa kuanzisha gumzo, matatu inashinda hata kabla haijaondoka. Haitoki stendi mpaka ijae, na abiria wanaosubiri pamoja juani hulalamika pamoja. Mara mmeshaulizana mnakoshukia. Ila nauli hupanda ovyo msimu wa sikukuu, na dereva akifungulia muziki kabla ya Londiani, maongezi yamekwisha.

Basi huondoka kwa saa yake (kwenye tiketi, angalau) na jirani yako ni mmoja tu. Akiwa mchangamfu, mtafika Ahero bado mnajadili bei ya mpunga. Akinuna tangu Kericho, ni wako mpaka Kisumu.

Mwenye haraka ya gumzo na mdomo mwepesi apande matatu. Anayetaka kusikiliza mzee akisimulia kwa kituo achukue basi, tena la mchana. Usiku watu hukoroma.