Boti nawapa nyota tano, saa nawapa mbili: siku 16 za utafiti ndani ya Grand Canyon

Kampuni ya boti iliyotubeba siitaji jina. Tuliyogombania tuliyamaliza kwa mazungumzo, na sioni sababu ya kuyaanika upya. Ila kila mwezi hakosi mwanafunzi wa mito anayeniuliza kama inafaa kukodi watu wa utalii wa boti kwa ajili ya utafiti, basi niandike yote hapa, nipumzike.

Safari yetu ilikuwa kwenye mto Colorado, jimboni Arizona, kutoka Lees Ferry hadi Diamond Creek: kilomita 360 na ushee chini ya kuta za Grand Canyon. Siku 16, mwezi wa Septemba. Boti sita za mpira, zote za makasia, kila moja na nahodha wake wa kampuni. Watafiti tulikuwa tisa. Kundi moja lilipima mafungu ya mchanga kando ya mto, jingine lilitega wadudu. Mimi mchana nilikuwa wa mchanga, usiku nikiazimwa kwa wadudu, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, na mdogo ndiye wa kutumwa.

Nianze na sifa, maana wanazistahili. Boti zilikuwa nzima kabisa. Asubuhi, hewa ikiwa imesinyaa kwa baridi ya usiku, waliziongeza upepo. Mchana zikiwa zimeegeshwa juani walizipunguza kidogo zisivimbe zikapasuka. Kila siku kabla ya kuondoka nahodha alipita kwa kila mtu, akamshika jaketi okozi mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, mikanda inakazwa upya. Profesa wetu, mtu mzima mwenye mvi zake, alivutwa siku zote 16 kama mtoto wa chekechea, na hakuna aliyemwonea aibu.

Nahodha mkuu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono kama ya fundi chuma. Kabla ya Lava Falls, ambayo ndiyo mikondo mikali inayoogopwa kuliko yote katika mto ule, alituegesha juu yake, akapanda kwenye miamba myeusi na kusimama mikono nyuma, dakika ishirini nzima, hasemi. Nikamfuata. Akanionyesha mstari wa mapovu, upana wake haukuzidi mkeka, akaniambia boti ikikaa juu ya mapovu yale mto wenyewe utatupitisha, na ikitoka pembeni tutaogelea. Tukashuka, tukafunga mizigo upya, tukaingia. Nililowa hadi kwenye mifupa, na maji yale yanatoka chini sana ya ziwa Powell, lililo nyuma ya bwawa, baridi yake haina uhusiano wowote na jua la juu. Lakini yule mama alipiga makasia mara saba tu. Nilihesabu, kwa kuwa woga wangu unapenda hesabu.

Kwa hiyo ukiniuliza juu ya usalama na ufundi, nawapa tano kwa tano bila kufikiri.

Shida ilikuwa saa.

Ili unielewe inabidi ujue mto ule unavyoishi siku hizi. Bwawa la Glen Canyon lilianza kuzuia maji mwaka 1963, kilomita 25 hivi juu ya Lees Ferry. Tangu hapo mto hufuata umeme. Watu wa miji ya mbali wakiwasha viyoyozi, maji mengi hupitishwa kwenye mitambo. Wakilala, maji hubanwa. Matokeo yake mto una kupwa na kujaa kila siku kama bahari, isipokuwa mwezi hauhusiki. Na wimbi lile la kujaa husafiri taratibu kuelekea chini, kwa hiyo maji yanayopungua usiku wa manane kwenye kambi moja yanaweza kupungua adhuhuri kwenye kambi iliyo mbali zaidi. Kila kambi ina saa yake.

Sisi wa mchanga tulihitaji maji yakiwa chini kabisa. Bwawa limezuia karibu mchanga wote uliokuwa ukishuka zamani. Unaopatikana sasa unaletwa zaidi na mito ya pembeni, Paria na Little Colorado, hasa mvua za kiangazi zikinyesha. Ndiyo maana tangu mwaka 1996 waendeshaji wa bwawa wamekuwa wakifungulia maji mengi kwa makusudi mara moja moja, ili yaunyanyue mchanga kutoka kitandani mwa mto na kuutupa kando. Kujua kama mchanga umebaki au umeondoka, unapima fungu lile lile mwaka hadi mwaka, na sehemu inayosema ukweli zaidi ni ukingo wake wa chini, ule unaofunikwa maji yakijaa.

Sasa kampuni ya utalii ina ratiba yake. Saa mbili asubuhi mizigo iko kwenye boti. Saa nne kusimama kutazama kitu kizuri. Mchana chakula. Saa tisa au kumi kambi. Kwa mtalii hiyo ni huduma safi. Kwetu ilikuwa balaa. Siku ya pili tulifika kwenye fungu letu la kwanza maji yakiwa yamejaa pomoni, tukapima nusu ya juu tu, na tukiwa tunakunja vyombo maji yakaanza kushuka mbele ya macho yetu huku manahodha wakitupigia miluzi tupande.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Tuliamka tukakuta boti nne kati ya sita zimekwama juu ya mchanga mkavu, pua zinatazama mto ulioondoka usiku. Boti iliyopakiwa huisukumi hata mkiwa wangapi. Manahodha walifedheheka, yule kijana aliyekuwa zamu ya kamba akawa hataki hata kunyanyua uso. Nasi watu wa mchanga? Tulikuwa tunaruka kwa furaha. Maji yalikuwa chini kuliko tulivyowahi kuyaona, hakuna wa kutuharakisha, na tulifanya kazi saa tatu mfululizo. Kosa lao kubwa kuliko yote ndilo lililotupa vipimo bora vya safari nzima.

Jioni ile nilimwendea nahodha mkuu nikamweleza. Alinisikiliza, halafu akaniuliza swali lililoniaibisha: mbona hatukumwambia mapema? Mkataba wetu ulitaja idadi ya watu, siku, uzito wa vyombo, hata aina ya betri. Neno moja juu ya saa za maji halikuwamo. Akaenda ukingoni, akachomeka kijiti pale pale maji yanapogusa mchanga, akarudi kulala. Asubuhi alikiendea kabla ya kahawa, akapima kwa hatua umbali wa kijiti na maji, akanitajia kambi tatu zinazofuata na saa ambayo kila moja itakuwa chini. Alikuwa na jedwali zima kichwani. Kuanzia siku ya nne akaipinda ratiba alivyoweza, lakini wenzake wawili walinung'unika hadi mwisho, na mara mbili tuliondolewa kazini kwa sababu jiko lilitaka kufika kambi ya chini mapema. Hizo nyota mbili za saa ni za yule mama peke yake.

Upande wa wadudu, manahodha walinishangaza. Mtego wenyewe ni sahani ya plastiki yenye spiriti na taa ndogo ya zambarau juu yake. Unauweka karibu na maji giza likianza kuingia, unauacha saa moja, unamimina kilichoanguka kwenye chupa. Tangu mwaka 2012 waongoza boti wa mto huu wamekuwa wakiitega kila usiku wa safari zao na kuwapa wanasayansi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani. Basi mimi mwenye shahada nilifika na kalamu ya wino usiofutika, najiandaa kuandika juu ya chupa, kijana wa zamu ya kamba akanishika mkono. Spiriti ikimwagika kidogo, akasema, wino wote unakwenda. Akachana kipande cha karatasi, akaandika kwa penseli maili, tarehe na saa, akakizamisha ndani ya chupa pamoja na visubi. Penseli haijali spiriti. Chupa zangu zote zilifika zikisomeka.

Na kazi hiyo ya penseli si ya kubeza. Kutokana na maelfu ya chupa za namna ile watafiti walionyesha mwaka 2016 kwa nini mto una visubi wengi na karibu hauna wadudu wengine wa majini: wengi wao hugandisha mayai ukingoni, maji yakibanwa kule bwawani mayai yanakauka. Mwaka 2018 waendeshaji wa bwawa wakaanza kujaribu kuacha maji yatulie mwishoni mwa juma wakati wa kiangazi, ili mayai yapone. Ni waongoza watalii hao hao, wenye miguu pekupeku, waliobeba ushahidi.

Ila hata hapa saa ilituumiza. Giza linaingia, mtego unawashwa, na muda huo huo jiko linawasha taa zake nyeupe hatua kumi kutoka hapo, watu wanapanga foleni na taa za kichwani. Mdudu ana akili zake, huenda kwenye mwanga mkubwa. Usiku mbili mtego wangu ulikusanya wadudu saba wakati supu ilikusanya mamia. Niliomba jiko lisogezwe nyuma ya miti. Likasogezwa usiku mmoja, kesho yake likarudi.

Sasa kasha lililovuja. Vyombo vilikaa kwenye makasha ya alumini yenye mfuniko unaobana juu ya mpira wa kuzibia, na sampuli zetu za mchanga zilikuwa katika kasha la boti ya tatu, ndani ya mifuko ya karatasi. Baada ya Hance, mikondo ya maili ya 77 kutoka Lees Ferry, nilifungua nikakuta uji. Karatasi zimeyeyuka, mchanga wa mafungu matano umekuwa mchanga mmoja. Nilipitisha kidole kwenye ule mpira wa kuzibia nikakuta mstari wa chembe za mchanga, kavu, zimeganda kama sukari kwenye ukingo wa kikombe. Aliyefunga hakufuta. Chembe zile tu zilitosha kuacha njia ya maji. Nililalamika, na kwa haki. Lakini kuweka mchanga kwenye karatasi na kuuingiza wote katika boti moja ulikuwa uamuzi wetu, hilo siwezi kumtwika nahodha.

Wala sisi si wa kwanza. Mwaka 1869 mvumbuzi John Wesley Powell alipoteremka mito hii kwa boti nne za mbao, ile iliyoitwa No Name ilivunjika kwenye mto Green, na barometa zake za kupimia hewa zikabaki kwenye mabaki katikati ya maji. Watu wake walizifuata kesho yake, wakarudi nazo pamoja na kipipa cha wiski ambacho mkuu hakujua kama kimepakiwa. Nilikikumbuka kile kipipa nikiwa nachambua uji wangu. Nikawakumbuka pia Elzada Clover na Lois Jotter, wataalamu wa mimea walioupita mto huu mwaka 1938 wakikusanya mimea na kuikausha njiani. Mimea ya kukaushwa, ndani ya boti za mbao, katika mikondo ile ile! Sina wa kumlalamikia tena.

Mengineyo kwa haraka. Choo ni kasha la chuma, linabebwa hadi mwisho wa safari kwa sheria ya hifadhi, na mkojo unakwenda mtoni. Unazoea siku ya pili. Paneli za jua za kampuni zilikuwa ndogo, na kwa kuwa kuta zinaziba jua sehemu kubwa ya siku, betri za mashine ya upimaji tulizila kwa mgao. Simu ya setilaiti ilikuwapo na ilifanya kazi pale anga lilipoonekana.

Ukiwakodi, au ukikodi wowote wanaofanana nao, mkataba wako uandike saa ambazo kila fungu litapimwa, kambi kwa kambi, na uwape kabla hawajapanga chakula. Andika pia nani anafuta mpira wa kasha, na kwa kitambaa gani. Mifuko ya sampuli iwe ya plastiki, kila sampuli nusu mbili katika boti mbili.

Kwa nyota: boti tano, manahodha tano, makasha tatu, saa mbili. Mwaka huu wameniambia jedwali la maji limebandikwa kwenye mfuniko wa kasha la boti ya mbele. Nimeshajiandikisha. Nimeomba kukaa boti ya nyuma kabisa, ile isiyobeba jiko.