Siku mbili za kujifunza kufundisha Kiingereza ndani ya Biolojia

Mwezeshaji alitutaka kila mmoja aje na daftari moja la mwanafunzi wake. Mimi nilichukua la binti wa Kidato cha Pili: safi, mwandiko wa kupendeza, nukuu zangu zote za ubaoni zimo. Mwezeshaji akaniambia, "Mwalimu, nionyeshe sentensi moja aliyoitunga mwenyewe." Nikafunua kurasa zote. Hakuna. Nafundisha Biolojia mwaka wa 11 sasa, na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya wikiendi, ya walimu wa sayansi wanaotaka kukuza Kiingereza cha wanafunzi ndani ya vipindi vyao. Ada shilingi 40,000, chai na chakula cha mchana humo humo. Nilitoa mfukoni mwangu na sijutii.

Hali tunaijua. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka 7 kwa Kiswahili. Akifika Kidato cha Kwanza, karibu kila somo ni Kiingereza. Usanisinuru anaujua, namna ya kuusema ndiyo hana. Nasi tunamwachia mwalimu wa Kiingereza mzigo wote, wakati maneno yenyewe yamo kwenye mada zetu.

Kilichonifaa kuliko vyote ni jaribio la kupima wanga kwenye jani. Tulichemsha jani, tukalitia kwenye spiriti iliyokuwa ndani ya maji ya moto, tukalisuuza, tukadondoshea iodini. Kabla ya kuandika chochote tulipewa dakika 10 tujadiliane kwa Kiswahili: kila hatua ni ya nini? Kisha mwezeshaji akaandika ubaoni nusu sentensi, "The leaf was boiled in water to...", akasema "to" hiyo ndiyo "ili" yetu. Tukamalizia wenyewe. Sababu tulishakuwa nazo, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa lugha tu.

Jumatatu nikalipeleka jaribio hilo kwenye mkondo wangu wa wanafunzi 74. Kipindi cha kwanza kilitushinda, kelele na muda. Cha pili, kijana ambaye hanyooshi mkono kamwe akasimama: "The leaf was put in alcohol to remove the green." Hakulijua jina la klorofili kwa Kiingereza, lakini aliliona jani likipauka na akaeleza kwa nini. Nilifurahi mno. Jina nilimpa pale pale.

Kasoro zipo. Mchana mzima wa siku ya pili ulikwenda kwenye projekta, na shule yangu haina umeme. Vivuli vya karatasi tulizogawiwa vilikuwa hafifu, havisomeki. Kubwa zaidi, mifano yote ilikuwa ya darasa la watoto 30. Niliuliza nitasahihishaje sentensi 74 kila kipindi, sikupata jibu la kushika. Nimejitafutia mwenyewe: kila dawati linaandika sentensi moja kwa pamoja, nabaki na 25 za kusoma, na wao wanabishana juu ya kila neno kabla hawajaniletea.

Ningelipa tena ada ile kwa siku ya kwanza peke yake. Mkienda, msichukue daftari la anayeongoza darasa. Chukueni la yule wa katikati.