Tahadhari kwa wanaouza mnadani mtandaoni: barua pepe ya malipo si malipo

Ndugu zangu mnaouza na kununua bidhaa katika minada ya mtandaoni mkiwa hapa Nairobi, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu mnunuzi anayejitambulisha kuwa mhandisi wa meli aliye safarini, ambaye hushinda mnada kwa dau la juu, kisha muuzaji hupokea barua pepe inayofanana kabisa na ya PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, ikidai kwamba fedha zimekwisha kulipwa na zinasubiri tu mzigo utumwe. Fedha hizo hazipo. Mimi nilituma mzigo, na hadi leo sijalipwa hata senti moja.

Kazi yangu ni kutengeneza na kuuza kamera na lenzi zilizotumika, katika kibanda kidogo karibu na Luthuli Avenue. Lenzi niliyoipoteza niliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anaacha kazi, nikaisafisha kwa siku mbili, nikaipiga picha kila upande na kuiweka mnadani katika jukwaa la ng'ambo. Mnada ulifungwa Jumapili usiku kwa dola 640. Saa moja haikupita kabla mshindi hajaniandikia akiomba nambari yangu ya WhatsApp pamoja na anwani ya barua pepe ninayoitumia kwenye PayPal, kwa maelezo kwamba akiwa baharini jukwaa la mnada halimfungukii vizuri. Nilimpa vyote viwili. Nilikosea hapo kabla ya kukosea kwingine kote, kwa kuwa mazungumzo yanayofanyika ndani ya jukwaa huhifadhiwa na wenye jukwaa na wanaweza kuyasoma palipo na malalamiko, ilhali yale ya WhatsApp hubaki kuwa neno lako dhidi ya neno lake.

Alikuwa mpole, mwenye adabu, tena mwepesi wa kujibu. Alisema lenzi ni zawadi kwa mpwa wake, kwa hiyo niitume moja kwa moja kwenye nyumba ya mpwa huyo, katika nchi tofauti na ile iliyoandikwa kwenye akaunti yake ya mnada. Aliongeza kwamba angelipa dola 150 juu ya bei, fedha ambazo ningempelekea wakala wake wa usafirishaji. Asubuhi ya Jumatatu nikapokea barua pepe yenye nembo ya PayPal, rangi zake, nambari ndefu ya muamala na jumla ya dola 790. Ilieleza kuwa fedha zimekatwa kwenye akaunti ya mnunuzi, zimehifadhiwa kwa usalama wa pande zote mbili, na zingeingia katika akaunti yangu ndani ya saa 24 baada ya mimi kujibu barua hiyo kwa kutaja nambari ya kufuatilia mzigo.

Jumanne nikaufunga mzigo na kuupeleka kwa kampuni ya usafirishaji, nikalipa shilingi 9,800 kutoka mfukoni mwangu, na jioni nikatuma nambari ya kufuatilia. Jumatano ikaja barua ya pili ikisema kwamba malipo yamekwama kwa sababu zile dola 150 za wakala hazijafika, na kwamba nizitume kwanza kwa M-Pesa, kwa nambari iliyotajwa ya hapa hapa Kenya. Ndipo nikafungua akaunti yangu ya PayPal mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mnada ufungwe. Salio lilikuwa lile lile la mwezi uliopita, na hapakuwa na muamala wowote, uwe umekamilika au unasubiri. Nilipiga simu kwa kampuni ya usafirishaji nikaambiwa mzigo umekwisha kuondoka uwanja wa ndege wa JKIA.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliamini, nami ninadhani jibu lake litawafaa wengine kuliko kisa chenyewe. Uongo huu umejengwa kando kabisa ya jambo la kweli. Ni kweli kwamba PayPal huweza kuzuia kwa muda fedha za muuzaji mgeni, au za muuzaji aliyekaa muda mrefu bila kuuza, na zuio hilo laweza kufika siku 21. Ni kweli pia kwamba muuzaji akiweka nambari ya kufuatilia mzigo, fedha huweza kuachiliwa mapema. Mtu aliyewahi kusikia habari hizo, kama mimi, akisoma kwamba malipo yanasubiri nambari ya mzigo haoni ajabu yoyote. Tofauti iko mahali pamoja tu: zuio la kweli huonekana ndani ya akaunti yako. Unapoingia kwa nenosiri lako unauona muamala, jina la aliyelipa, kiasi, na maelezo kwamba fedha hizo bado hazijaachiliwa kwa matumizi. Na nambari ya mzigo huiweka humo humo kwenye muamala, wala huombwi kuituma kwa kujibu barua pepe. Hakuna malipo yaliyokwisha kufanywa ambayo yamo kwenye barua pepe lakini hayamo kwenye akaunti.

Kuhusu barua yenyewe, programu nyingi za barua pepe kwenye simu huonyesha jina la mtumaji tu na kuficha anwani yake. Jina lililoonekana kwangu lilikuwa la huduma ya wateja ya PayPal, lakini nilipoligusa jina hilo kwa kidole, baada ya hasara kutokea, ilijitokeza anwani ya kawaida ya bure ambayo mtu yeyote huifungua kwa dakika tano. Barua ilinisalimu kama mteja mpendwa, ilhali PayPal humwita mwenye akaunti kwa jina lake kamili au kwa jina la biashara aliyoisajili. Kama barua ina kiungo, msikibonyeze. Fungueni programu yenu au andikeni anwani wenyewe kwenye kivinjari. Na kwa anayelazimika kukagua anwani ya tovuti, neno paypal linaweza kupachikwa popote ndani yake ili kupumbaza macho, kwa hiyo tazameni kinachotangulia moja kwa moja mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti: lazima kiwe paypal.com na si kingine. Alama ya kufuli haimaanishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kwani huonyesha tu kwamba mawasiliano yenu naye yamefichwa wengine wasiyasome, na matapeli nao huiweka.

Kuna jambo jingine nililolijua nikiwa nimechelewa. Hata kama malipo yale yangekuwa ya kweli, kupeleka mzigo kwenye anwani ya mpwa kungeniacha bila kinga, kwa sababu ulinzi wa muuzaji katika PayPal unadai mzigo upelekwe kwenye anwani iliyoandikwa kwenye muamala wenyewe, na muuzaji awe na uthibitisho wa kuutuma au kuufikisha. Mnunuzi wa kweli asiyeweza kubadilisha anwani yake ndani ya mfumo anaweza kufutiwa mauzo na kununua upya kwa anwani sahihi. Tena malipo ya kweli huweza kutenguliwa: ikiwa kadi iliyotumika iliibwa, mwenye kadi hulalamika kwa benki yake na fedha hurudishwa, wakati mwingine baada ya miezi. Kwa hiyo tunzeni stakabadhi za usafirishaji, picha za bidhaa ikifungwa na nambari zake za utambulisho, na msizitupe kwa sababu tu fedha zimeonekana kwenye salio. Na mnunuzi akizidisha malipo kisha akawaomba mtume ziada kwa mtu wa tatu, simamisheni biashara hiyo papo hapo, hata kama anatoa sababu nzuri namna gani.

Wanunuzi nao wana mtego wao. Jirani yangu wa South B, mama anayeshona sare za shule, aliwania cherehani mnadani akazidiwa dau. Kesho yake akaandikiwa kwamba mshindi ameshindwa kulipa na kwamba anaweza kuipata kwa dau lake la mwisho. Nafasi ya pili ya namna hiyo ipo kweli katika jukwaa la mnada la eBay, lakini ya kweli huonekana pia kwenye ujumbe ndani ya akaunti ya mnunuzi na hulipiwa kwa utaratibu ule ule wa jukwaa. Yeye aliombwa alipe kwa PayPal kupitia njia ya marafiki na jamaa, ati ili wakwepe ada. Njia hiyo ni ya kuwatumia ndugu fedha, na malipo yake hayamo katika ulinzi wa mnunuzi. Angelipa kupitia njia ya bidhaa na huduma, angekuwa na siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua mzozo, na baada ya kuufungua angekuwa na siku 20 za kuugeuza kuwa dai rasmi ili PayPal iamue. Siku hizo 20 zikipita akiwa bado anabembelezwa na muuzaji, mzozo hufungwa. Mnaonunua magari mzingatie kwamba magari hayamo kabisa katika ulinzi huo, hata yakilipiwa kwa njia sahihi.

Kwa kuwa nimetaja magari, nimeonyeshwa pia matangazo ya minada ya hapa nyumbani, ya magari yanayodaiwa kukamatwa kwa madeni au kuzuiliwa na forodha, kwa bei ambayo haiwezi kununua hata pikipiki nzuri. Anayetangaza huomba amana kwa M-Pesa, kwa jina la mtu binafsi, kabla hujaliona gari. Dalali wa mnada nchini Kenya huwa na leseni ya Bodi ya Utoaji Leseni kwa Madalali, chini ya Sheria ya Madalali ya mwaka 1996. Mnada wake hutangazwa hadharani, na huwepo siku za watu kwenda kuyakagua magari uani. Bidhaa za forodha nazo huorodheshwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya mamlaka ya mapato, KRA, kuzinadi. Mwombeni jina lililo kwenye leseni, mlithibitishe kwa bodi, kisha mlilinganishe na jina linalojitokeza kwenye simu kabla hamjaweka nambari ya siri. Majina yakitofautiana, msilipe.

Mlipwao kwa M-Pesa mnahitaji uangalifu ule ule nilioukosa mimi. Ujumbe wa kweli hutoka kwa mtumaji anayeandikwa MPESA, haupitii nambari ya mtu ya kawaida, na hata ukionekana sawa, angalieni salio kwa *334# au kwenye programu kabla ya kumkabidhi mtu bidhaa. Aliyetuma fedha kwa nambari asiyoikusudia aupeleke ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja, kwani mpokeaji akishazitoa hapatakuwa na kitu cha kurudisha.

Nimeandikisha taarifa katika kituo cha polisi na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, nami ninamhimiza kila aliyeibiwa kwa njia hii afanye hivyo hata kama mwizi yuko mbali, kwa sababu ile nambari ya M-Pesa iliyoletwa kwangu imesajiliwa hapa nchini, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inawafikia wanaoshirikiana na walaghai wa ng'ambo. Siku nne baada ya kuwasimulia watu kisa changu, nilipigiwa simu na mtu aliyedai kuwa mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, akitaka shilingi 5,000 za kufungua faili. Sikumlipa. Alijua kiasi nilichopoteza na jina la bidhaa, mambo ambayo mwizi mwenyewe alikuwa nayo, na mtu aliyeumizwa na mwenye haraka ya kurudishiwa chake ndiye wanayemtafuta.

Juzi Ijumaa, muuzaji wa jengo la jirani alinijia akiwa na kamera imefungwa tayari kwa safari. Mnunuzi wake naye ni mhandisi wa meli, mpwa ni yule yule, na mji wa kupelekea mzigo ni ule ule. Tuliifungua akaunti yake pamoja kwenye simu yake, tukakuta hakuna muamala, naye akaurudisha mzigo rafuni. Kwa hiyo mtu huyu bado anafanya kazi, na anawatafuta wauzaji wa katikati ya mji. Mwenye kupokea barua kama hiyo asiifute wala asimjibu. Aihifadhi ikiwa na anwani kamili ya mtumaji, apige picha ya mazungumzo yote pamoja na nambari ya M-Pesa atakayopewa, kisha aviambatishe kwenye taarifa atakayoandikisha polisi na amripoti mnunuzi huyo kwa wenye jukwaa la mnada, ili akaunti anayoitumia ifungwe.