RTL-SDR Blog V3 kama spektromita ya hidrojeni: inatosha, ila ipange kwanza

Kwa anayetaka kupima hidrojeni ya Njia Nyeupe kwa dishi dogo la paa, RTL-SDR Blog V3, kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka kwenye USB, inatosha kabisa kuwa spektromita, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa kila masafa. Mstari wa hidrojeni, yaani mawimbi ya redio ambayo gesi hiyo hutoa, uko kwenye 1420.406 MHz; gesi ikitukaribia au kutukimbia masafa hayo huhama, na kila 1 MHz ya kuhama ni sawa na mwendo wa kilomita 211 kwa sekunde. Ukisoma sampuli milioni 2.4 kwa sekunde unaona zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya gesi ya Njia Nyeupe inaenea humo bila kubanana. Saa yake ina kosa la sehemu 1 kwa milioni, yaani kilomita 0.3 tu kwa sekunde. Dunia yenyewe inazunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, hivyo asiyesahihisha mwendo huo anaweza kukosea mara mia ya kosa la saa yenyewe.

Kwenye Linux, mfumo hudhani kifaa hiki ni cha televisheni na kukishika. Ukiona "usb_claim_interface error -6", weka dvb_usb_rtl28xxu kwenye orodha ya moduli zilizozuiwa, kisha chomoa na uchomeke upya. Halafu endesha rtl_test -s 2400000 kwa dakika kadhaa. Ikitangaza baiti zilizopotea, badilisha mlango wa USB au kebo. Usishawishike na milioni 3.2: kifaa kinazikubali, lakini kinapoteza sampuli, na muda unaodhani umekusanya unakuwa si wa kweli.

Ampilifaya ikae kwenye mdomo wa antena, si mezani. Kebo inayopoteza desibeli 1 tu kabla ya ampilifaya inaongeza takriban kelvini 75 za kelele (hapa kelele hupimwa kama joto), na hakuna programu itakayoziondoa. Ampilifaya ya Nooelec SAWbird+ H1, yenye filta yake ndani, inaelewana vizuri na V3 na ndiyo tunayoipendekeza, hasa mjini ambako minara ya simu hulemea ampilifaya isiyo na filta. Umeme wake unapanda kwenye kebo ileile: rtl_biast -b 1 hutoa volti 4.5. Ukichomoa kifaa, umeme unakatika na amri inabidi irudiwe. Hapa wengi hupoteza usiku mzima, kwa sababu ampilifaya isiyo na umeme haitoi onyo lolote; unapata spektra yenye umbo la kawaida, isiyo na mstari. Kwa ukuzaji uleule wa tyuna (sehemu ya kifaa inayochagua masafa), washa na uzime ampilifaya: kelele ipande kwa zaidi ya desibeli 20. Isipopanda, kagua viunganishi kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa ukuzaji, ambao ndio unaoamua matokeo yote. Zima urekebishaji wa ukuzaji wa kujiendesha, maana unabadilisha kipimo katikati ya kazi. Kigeuzi, kinachobadilisha mawimbi kuwa namba, ni cha biti 8, thamani kutoka 0 hadi 255, na nafasi ni finyu juu na chini. Rekodi sekunde moja:

rtl_sdr -f 1420000000 -s 2400000 -g 29.7 -n 2400000 jaribio.bin

Piga hesabu ya mchepuko sanifu wa thamani hizo. Ukiwa kati ya 15 na 30, umefika. Ukiwa 60, karibu asilimia 3 au 4 ya sampuli zinagonga ukuta, spektra inapindika na vilele vya uongo vinazaliwa. Ukishuka hadi 1, kigeuzi chenyewe kinaongeza kelele kwa takriban asilimia 8. Mtu mwenye ampilifaya ya desibeli 40 akiacha tyuna kwenye 49.6, ambacho ndicho kiwango cha juu kabisa, ana hatari kubwa ya kugonga ukuta bila kujua.

Angalia kwamba amri ile imeweka kitovu kwenye 1420.0, si juu ya mstari. Ni makusudi: katikati ya spektra huweza kukaa mwiba wa kifaa chenyewe, na kilohezi 400 zinatosha kuukwepa. Saa ya 28.8 MHz nayo inarusha miiba kwenye vizidishio vyake, lakini vya karibu ni 1411.2 na 1440, nje kabisa ya dirisha letu.

Kwa programu ya rtl_power_fftw, inayokusanya spektra, chaneli 512 zinakupa 4.7 kHz kila moja, kama kilomita 1 kwa sekunde. Chaneli 4096 hazina faida hapa. Kelele ya mfumo ikiwa kelvini 150, dakika 5 zinaishusha hadi takriban kelvini 0.13 kwa chaneli, ilhali mstari karibu na ukanda wa Njia Nyeupe hufikia makumi ya kelvini. Adui si unyeti, ni mikunjo ya kudumu kwenye spektra inayotokana na filta na kebo, ambayo haipungui hata ukikusanya usiku kucha. Dawa ni rejea: pima dakika moja kwenye 1420.0, dakika moja kwenye 1423.4 ambako hakuna hidrojeni, kisha gawanya ya kwanza kwa ya pili. Rudia hivyo, usiache saa ipite kati ya vipimo viwili, kwani kifaa kinapopata joto ukuzaji unahama. Kipe nusu saa kipate joto lake, na kisikae juani. Ujumbe "PLL not locked!" ukitokea, ni dalili ya tyuna kushindwa kushika masafa, na joto ndilo la kushukiwa kwanza.

Jaribio zuri la angani ni kundinyota la Cygnus, ambako dishi dogo huona vilima kadhaa vya mikono tofauti ya Njia Nyeupe. Kutoka Dar es Salaam inapita upande wa kaskazini, nyuzi 43 hivi juu ya upeo. Ukielekeza dishi kwenye kitovu cha Njia Nyeupe, gesi nyingi inakatiza mbele yetu bila kutukaribia, na mstari unajikusanya karibu na sifuri. Hapo huwezi kujua kama mizani yako ya mwendo ni sahihi.

Toleo la V4 la kifaa hiki haliongezi kitu kwa kazi hii, na linahitaji viendeshi vyake. Anayetaka upana zaidi anunue kipokezi cha Airspy Mini, yenye biti 12 na 6 MHz.