Vidonge vya kalsiamu kwa bondia anayepunguza uzito
Kwa kuwa mimi ni bondia ninayelazimika kupunguza uzito kabla ya kila pambano, nilinunua vidonge vya kalsiamu na vitamini D katika duka moja la dawa mjini Moshi. Muuzaji alinieleza kwa subira kwamba kidonge chenye miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti hutoa miligramu 500 tu za kalsiamu yenyewe, na kwamba humezwa pamoja na chakula ili kifyonzwe vizuri. Maelezo hayo, kusema kweli, yalinifaa kuliko kopo lenyewe. Kasoro ni lebo inayoahidi “mifupa ya chuma”, ilhali mwanamichezo anayejinyima chakula hudhoofisha mifupa yake hata akimeza vidonge kila siku. Nitavinunua tena, ila dagaa ninaowala na mifupa yao hawatoki mezani.