Giaboksi otomatiki ya GM: 700R4, au TH400 yenye ovadraivu (gia ya kupunguza RPM kwenye mwendo wa kasi) iliyofungwa nyuma yake?

Chukua Chevrolet ya zamani ya V8, difu ya uwiano 3.73, tairi za kimo cha inchi 28. Kwenye kilomita 110 kwa saa bila ovadraivu, injini inalia karibu RPM 3,060.

Gia ya nne ya 700R4 ndiyo ovadraivu yake, uwiano 0.70, hivyo RPM zinashuka hadi 2,140. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafunga konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ya stoli 2,800, yaani RPM ambayo chini yake inateleza sana, gari linatembea chini ya stoli, konveta inateleza na oili inachemka. Dawa ni konveta yenye klachi ya kujifunga, na waya wake wa umeme uunganishwe kweli. Kebo ya TV (inayounganisha throttle na giaboksi) nayo ikilegea, presha ya oili ya giaboksi inashuka na klachi za gia ya tatu na nne zinaungua upesi.

TH400 ni ngumu zaidi, ila konveta yake haijifungi. Ovadraivu ya Gear Vendors, 0.78, inakupa RPM 2,390 kabla ya kuhesabu mtelezo wa konveta. Stoli isizidi 2,000, kipoza oili kiwepo, na propela (shafti ya kwenda kwenye difu) ifupishwe. Gharama inauma. Kwa safari za kawaida bila mzigo, 700R4. Ukivuta trela, TH400.